Neno la Ng'ambo ya Mto

Mama mkwe wangu alikuwa na mwaka wa tatu nyumbani kwetu Ggaba alipoamka asubuhi moja mdomo umepinda na Kiswahili kimempotea. Alisema, lakini kwa lugha ya mlimani kwao, mashariki ya Kongo. Mke wangu, ambaye peke yake nyumbani aliijua, alikuwa amevuka mpaka kwenda msibani, na simu yake haikupatikana.

Mambo ya lugha nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima. Nilikuwa nimesoma kwamba penye mvua mwaka mzima na udongo mzuri, watu hujitosheleza bila jirani, na lugha hugawanyika bonde kwa bonde. Siku moja nilipomweleza mama mkwe hayo, alicheka. "Mkwe, umesoma yote hayo? Tulikuwa na maharage, ndizi, mbuzi. Wale wa ng'ambo tungewasemesha nini?"

Asubuhi ile maelezo hayo yalinitia baridi. Gari la kumpeleka hospitali Nsambya lilikuwa njiani. Alirudia neno moja tu, akivuta ukosi wa gauni lake. Nikamwita jirani yetu, muuza samaki, aliyezaliwa kilima kinachotazamana na chao, mto ukiwa katikati. Akasikiliza.

"Ana kiu, papa. Mupatie maji, haraka!"

Nikamsogezea kikombe mdomoni. Alimeza kidogo, akalisema neno lile kwa nguvu, kisha sauti ikakatika. Macho yakamtoka. Midomo ikaanza kuwa ya kijivu.

"Mama yangu!" jirani akasema. "Kwao neno hilo pengine ni kukabwa."

"Pengine?"

"Ni ng'ambo ya mto, papa! Mimi sijafikaka kule!"

Mimi ni Muganda. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe, hata sahani hampokezi mkononi, na kikombe nilikuwa nimeshamsogezea. Nikamkumbatia kwa nyuma, nikamwinamisha, nikampiga mgongoni. Alikuwa mwepesi mno. Nilipiga tena, nikiogopa kumvunja, nikiogopa zaidi kuacha. Maji yakamwagika mikononi mwangu na pumzi ikarudi ikikwaruza.

Honi ikalia nje. Akanigeukia, akasema jambo refu, taratibu, sauti ikipanda mwishoni kama ya mtu anayeuliza. Nikamtazama jirani.

"Usiniulize," alisema, mikono nyuma. "Sasa naogopa."

Tukampakia garini, naye bado akiuliza.