Chumba Ambacho Enos Hakuingia

Nilitoka nyumbani kwetu Maragoli kwa sababu mama alikuwa ameacha kula. Habari zilimfikia kanisani kwamba kaka yangu Enos, aliyekwenda Bahati, karibu na Nakuru, kukamua ng'ombe wa mzungu, sasa amepewa bunduki na koti la askari wa shamba, na kwamba katika shamba la jirani askari wawili walikufa ndani ya ghala walilokuwa wakilipekua. Baba hakupata ruhusa kazini. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nikatumwa mimi. Mama aliniambia, "Mwambie arudi angali na miguu yake." Mimi ni msichana wa haya, hata darasani jibu ninalolijua hulinong'ona. Njia nzima nilikuwa nikijifunza jinsi ya kumwambia mtu mzima aache kazi.

Kutoka Kisumu nilipanda gari la moshi daraja la tatu, nikakaa na akina mama wa kanisa letu waliokuwa wakienda kwa waume zao Nakuru. Baada ya Londiani baridi ilianza kuuma vidole vya miguu. Kwenye stesheni moja ya huko juu askari waliingia behewani. Mmoja alisimama mwanzo wa njia, mgongo ukiwa ukutani, na mwenzake akapita akitazama chini ya viti. Hawakutuuliza neno sisi wa magharibi. Kijana mmoja wa Kikuyu walimteremsha na mfuko wake, na gari likaondoka bila yeye.

Nakuru, mchana. Kando ya stesheni palizungushwa seng'enge, na ndani yake Wakikuyu walikuwa wamechuchumaa na sufuria na mablanketi yao, wakingoja kurudishwa rizavu, eneo walilotengewa na serikali. Mama mmoja wa umri wa mama yangu alikuwa amepakata kuku. Nilimtazama, naye akanitazama, nikainamisha uso. Akina mama niliosafiri nao waliniambia niharakishe, maana siku hizi za Hali ya Hatari, serikali ikipigana na watu wa msituni, kusimama tu ni kosa.

Bahati nilifika kwa lori la maziwa. Enos alikuwa amenenepa kidogo na alicheka aliponiona, lakini nilipopiga hodi na kusimama mlangoni kama nilivyozoea, alinivuta mkono mpaka nikajikwaa.

"Mlangoni hapasimamwi, Eda. Mwanga uko nyuma yako, aliye ndani anakuona na wewe humwoni."

Basi kila mara niliposahau alinifundisha, nusu kwa mzaha. Ukiingia, sogea kando, mgongo uende ukutani. Ngoja macho yazoee giza. Tazama kwanza nyuma ya mlango. Tochi ishike mbali na kifua, maana anayekulenga atalenga taa. Usiende peke yako: mmoja anatazama mbele, mwenzake analinda nyuma. Ukitaka kutoka, sema unatoka, mwenzako asije akakupiga wewe. Na jambo kubwa kuliko yote, usiache nyuma yako chumba ambacho hakijatazamwa.

Mwenzake wa kulinda nyuma aliitwa Kiprono, kijana mrefu wa Kipsigis, kwao Londiani. Aliniita Mwalimu kwa sababu ya viatu vyangu vya shule. Aliniuliza kama ni kweli Wamaragoli tukiona kuku tunasahau sala. Kesho yake nilijikaza nikamwambia kwamba afadhali kuku kuliko maziwa yaliyotiwa mkaa wanayokunywa kwao. Alicheka mpaka akaweka bunduki chini, na Enos akamkemea.

Jioni ile nilimpa Enos maneno ya mama. Mke wake, Rasoa, aliacha kukoroga uji.

"Nikiondoka, Kiprono atalindwa na nani?" Enos alisema. "Hawa wengine wanaingia nyumba kama ng'ombe. Wataniulia mtu."

Nilimwambia kwamba mama hali chakula. Akasema ngoja maua ya pareto yavunwe, kisha tutaona.

Alhamisi, saa za alasiri, mnyapara alikuja mbio kusema ameona mtu akitoka msituni na kuingia upande wa nyumba za vibarua. Nyumba hizo ni jengo moja refu la mawe, vyumba vimepangana, kila kimoja na mlango wake barazani. Wanawake tuliamriwa tukae bombani bila kusogea, ng'ambo tu ya uwanja. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno.

Walifanya vile vile alivyonifundisha. Enos anaingia na kupotelea kando, Kiprono barazani anatazama walikotoka, halafu sauti ya Enos, "Natoka," na wanahamia chumba kinachofuata. Nilikuwa nimeanza kupumua. Kisha wakafika kwenye chumba cha mama yake Rasoa, kibarua wa shamba hilo hilo, aliyekuwa amelala na homa.

Kwetu mwanamume haingii anapolala mama mkwe wake. Wakikutana njiani tu, mmoja huingia majanini. Enos aligeuza uso ukutani, akapaza sauti.

"Mama, hamjambo humo?"

"Hatujambo, mwanangu. Pita, uende zako."

Kiprono alisema, "Niingie mimi basi. Si mkwe wangu."

"Yuko kitandani na homa, pengine hana nguo," Enos akasema. "Mwache mama. Tupite."

Kiprono alisita. Hata kwao mkwe ana heshima yake. Akageuka akamfuata, na sasa wote wawili walitazama mbele, maana nyuma palikuwa pamesemwa ni salama.

Yule mtu alitoka kwenye mlango huo huo, nyuma yao, na panga. Rasoa alipiga kelele, lakini Kiprono alikuwa ameshaanguka. Enos alipiga risasi ikaenda kwenye mabati, na mtu akatokomea kwenye pareto. Kiprono hakuishi kufika kwa daktari. Lori la maziwa ndilo lililombeba.

Ofisa wa kizungu alikuja Ijumaa asubuhi. Alitaka kujua kwa nini chumba kimoja kilirukwa. Enos alieleza kwa Kiswahili, na ofisa akamwona mwongo, mtu aliyekuwa akimficha adui. Alisema atamfunga. Mtu mmoja akasema huyu binti anasoma, anajua Kiingereza. Niliitwa mbele ya wanaume wote. Nilisema yote kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu: kwamba si woga wala si hila, ni adabu, na kwamba angepita chumba hicho hata kama kingekuwa kinawaka moto.

Ofisa alifikiri, kisha akasema kwamba hata Uingereza watu hawapendi kuingia kwa mama wakwe zao. Akacheka peke yake. Alimnyang'anya Enos bunduki na koti, akamwambia asionekane shambani ikifika Jumapili.

Kabla hatujaondoka niliingia kumuaga mama yake Rasoa. Alinishika mkono, mkono wake ukiwa bado wa moto. "Alikuwa amesimama nyuma ya mlango na panga limeinuliwa," alisema. "Nilijua mwanangu hawezi kuingia. Nikasema apite, apone. Yule mwingine sikumkumbuka."

Jumamosi tulipanda gari kurudi, Rasoa akibaki kumuuguza mama yake. Enos hakula kitu njiani. Londiani aliteremka. Alisema baba yake Kiprono asije akasikia kwa mtu mwingine. Nilimwambia wanaweza kumuua. Akasema, "Wanaweza," akaenda na barabara ya udongo, kichwa wazi katika mvua.

Nyumbani nilifika peke yangu, na mama alikaa chini aliponiona. Nilimwambia haraka kwamba yuko hai, na nikamweleza yote. Nilichojifunza Bahati ni kwamba Enos alikuwa na sheria mbili, zote za kulinda watu, na mlango ule haukuwa na nafasi ya kupita nazo zote. Nilitaka mama anisaidie kuubeba mzigo huo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Lakini hakuingia?"

"Hakuingia, mama."

Alifuta macho, akasema, "Basi nilimlea vizuri," akavuta sahani ya ugali, akaanza kula.