Mpagazi Aliyevuka Mto

Asubuhi moja nilitoka Okolona, kusini mwa Louisville, ninakoishi na bibi yangu, na begi moja mgongoni, bila kujua naenda wapi. Kazi ya ghala ilikuwa imenichosha, na mimi, ndugu yangu, tangu niache shule nikiwa darasa la tano sijawahi kukaa mahali nikatulia. Basi la kwanza lenye nafasi lilikuwa la Columbus. Huko, katika kitongoji cha Hilliard, ndani ya duka la mitumba, nikakuta boksi la majarida ya hadithi ya enzi za ukoloni: majambazi, wawindaji, maofisa wa mipakani. Nilipofungua moja, harufu ya karatasi kuukuu ikanirudisha kambini.

Kabla ya kuhamishiwa huku ughaibuni, kambi yetu ilikuwa Tanzania, sisi wakimbizi wa Burundi. Mwalimu wetu alikuwa na jarida kama hilo, lililokwisha kung'oka jalada. Jioni, tukisubiri maharage yaive, alitusomea, akitafsiri papo hapo huku kidole kikitambaa juu ya mstari. Hadithi tuliyoidai kila mara ilikuwa ya mpagazi aliyesingiziwa kumuua bwana wake. Ofisa anamfuata na mbwa hadi mtoni, mpakani.

"Akaruka," mwalimu alisema, "na watu wa ng'ambo wakamwona anakamua shati lake."

Watoto tulishangilia. Bibi yangu hakushangilia; aliendelea kupukuchua mahindi. Siku tuliyovuka mto Malagarasi kuingia Tanzania, kaka yake alikuwa nyuma yetu kidogo tu, na hatukumwona tena. Baada ya hadithi ile bibi akapata msemo. Mtu akimuuliza habari za kaka yake, alijibu, "Mto haumli kila mtu," kisha akabadilisha mazungumzo.

Basi pale dukani, ndani ya jarida lile, nikaikuta hadithi ile ile; nikaketi sakafuni nikaisoma mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha ghalani. Hakuna anayeruka. Mpagazi anakamatwa ukingoni na kunyongwa, hata jina hakupewa, na ofisa anawasha kiko chake. Nikarudia, nikidhani nimekosea kusoma. Sikukosea. Mwalimu amekwisha fariki, kambi ilifungwa, na nasikia palipokuwa darasa letu sasa ni majani matupu. Wa kumuuliza hayupo.

Nilinunua jarida lile, lakini kurudi nalo kwa bibi sikuweza. Nikapanda basi jingine hadi Buffalo, na huko, katika kitongoji cha Kenmore, mama mmoja Mkongomani akanipangisha chumba.

"Bon, chumba ni hii," aliniambia, akichanganya na Kifaransa chake. "Bomba ya moto, ya kupasha nyumba, iko nalia, donc usiogope. Si mwizi."

Nilipoweka begi chini nikampigia bibi. Kwanza alinigombeza.

"Wewe mjukuu wangu una miguu ya mbuzi. Uko wapi tena?"

Nikamwambia niko Buffalo, na kwamba njiani nimeipata ile hadithi ya mwalimu.

"Nisomee mwisho wake."

Nikafungua ukurasa. Kamba ilikuwepo, na kiko kilikuwepo.

"Aka... akaruka mtoni," nikasema, nikamvusha yule mtu hadi ng'ambo.



"Hata mwalimu," bibi akasema, "alikuwa akisita hapo hapo."

Kisha akaniuliza kama chumba kina blanketi.