Miguu ya nkambo mbele ya mbabula

"Nani anachoma nyama asubuhi hii?" niliuliza.

Mutoto yangu mwanamuke alitoka mu nyumba, akaangalia chini, akajibu polepole: "Mama, ni muguu yako."

Ilikuwa mwezi ya saba, baridi ya Kolwezi inaingia mpaka mu mifupa, na mi nilikaa mbele ya mbabula, makala nyekundu kabisa. Muguu yangu ilikuwa juu ya moto na sikusikia kitu. Ku lupitalo baliikata chini ya goti.

Ile harufu ilinirudisha Musonoi, kwa nkambo, mama ya baba yangu. Mwenye alikomalia kule anakumbuka ile baridi. Batoto wote tulikuwa tunazunguka mbabula yake, biazi bitamu mu majivu, baruti ya mine, kule banachimba shaba, inatingisha mabati. Nkambo aliweka miguu karibu sana na moto. Sisi tulirudisha yetu nyuma. Yeye, hapana. Tulimucheka: "Nkambo ana miguu ya reli." Naye: "Basi mupande, niwapeleke Mutshatsha."

Nyuma ya nyumba, pale alikuwa anakojoa, sisimizi ilijaa, na kazi yangu ilikuwa kumwanga majivu pale. Jirani yetu, mama mwenye kuuza mafuta, alisema shangazi yangu ndiye anaituma na buchawi. Wakati nkambo alikufa na kidonda ya muguu, shangazi alifukuzwa. Alipanda treni ya Kasaji na mufuko moja. Ni yeye alikuwa anatupikia munkoyo. Hatukuikunywa tena tamu vile.

Sisimizi ilifuata tu sukari ya mu mikojo yake. Nilielewa mimi nikiwa mutu muzima, siku munganga alinipima damu na kukuta maladi ileile, bugonjwa ya sukari. Alinipa bidonge, akaniambia nipunguze bukari, ugali yetu ya kila siku. Nilifuata. Halafu pasta ya chumba yetu ya maombi akanisimamisha mbele ya batu, akachoma muguu yangu na sindano.

"Mama, unasikia?"

"Hapana, pasta."

"Muone. Maumivu imetoka, maladi imetoka."

Batu balipiga makofi. Bidonge yangu akaitupa mu choo. Kumbe muguu yenye haisikie ndiyo muguu mugonjwa.

Leo bidonge yangu hakuna mutu ataigusa. Kila asubuhi naangalia muguu yenye ilibakia, katikati ya bidole, chini yake na kioo. Hata mu nyumba navaa kilato, kiatu ya kufungika. Bukari kidogo, majani ya sombe mingi. Baridi ikikuja najifunika blanketi, mbabula inabakia inje. Hii muguu hawataikata.

Nyumba ya nkambo, shimo ya mine iliimeza, na jiko yake, na pale nilikuwa namwanga majivu. Shangazi alikufia Kasaji bila mutu kumuomba musamaha. Lakini pasta angali hai, na kila siku ya Mungu anachoma batu sindano.

Pasta, nakuja na magongo yangu. Unisimamishe tena mbele ya batu balebale, na uwajibu: muguu yangu iko wapi?