Muda: Dakika Mbili

Kasiva wa mtaa wa Silanga hakupatana kabisa na sifuri. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta kila swali aliloulizwa mtu akipigwa picha ya ubongo: lilianza lini, na alilifikiria kwa muda gani.

"Muda weka sifuri tu, twende," bosi wake Waithaka alizoea kusema.

"Bosi, ukiweka sifuri, mtu aliyekawia kufikiri kompyuta itadhani ubongo wake ulipiga kelele mara moja, kumbe ulifikiri polepole."

Januari 2008 akarudi kazini baada ya wiki tatu za ghasia za uchaguzi, amevaa viatu vya kuazima. Akapewa fomu ya kueleza alikokuwa. Tukio: kukimbia nyumba. Kuanza: Desemba 30. Kwenye muda akaandika alivyoambiwa na jirani mlangoni: "Tokeni dakika mbili tu, itatulia."

Waithaka akaisoma. "Dakika mbili kweli?"

"Bado hazijaisha, bosi."