Sura Aliyoichagua Dada

Dada yangu alikuwa hana kamera. Ndivyo alivyotuambia miaka yote aliyokaa Maskati: simu hii kamera yake imekufa, ile imeingia maji, hii mpya mtoto kaiangusha. Sauti tunaipata, salamu tunazipata, tunacheka mpaka mbavu zinauma, lakini uso hatuuoni. Nilikuwa nikimwambia mama, huyu mwanao ana mkosi na simu.

Aliondoka kwa ndoa, msichana mwembamba wa shingo ndefu, na kurudi kwake kukawa ni mwakani. Mwakani ikifika, inakuwa mwakani nyengine.

Halafu macho ya mama yakaanza. Daktari alitukalisha akatueleza bila kuzunguka: jicho la kulia limeshakwenda, la kushoto linafuata polepole, na dawa itachelewesha tu. Mama akamshukuru. Tulipofika nyumbani Wawi, hata buibui hajavua, akaniambia, "Mwambie nduguyo nataka kumuona kabla halijazima hili. Basi. Sitaki kitu chengine."

Nikampigia. Dada akasema, "Mtaniona. Nawatumia kitu."

Kitu chenyewe kilikuja na jirani aliyekuwa Maskati kumtembelea mwanawe: miwani nyeusi, nene, ya kuziba uso mzima. Niliijua. Skulini ninakosomesha bayolojia tuliwahi kuletewa ya namna ile kwa majaribio. Miaka na miaka nimechora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na buluu, na wanafunzi wakanakili mpaka pale chaki ilipoteleza. Siku ile, miwani usoni, waliingia ndani ya moyo wenyewe. Mmoja aliinamisha kichwa ili apite kwenye vali, kile kilango cha damu, darasa zima tukafa kwa kicheko, lakini mtihani ulipokuja hakuna aliyekosea swali la vali. Kwa hiyo mie si mtu wa kuipinga hiyo metavesi, dunia ya ndani ya miwani, msinielewe vibaya. Nimeiona ikisomesha.

Mama yeye aliitupia jicho moja akasema, "Aka! Mie nifunikwe uso na roho ninayo?" Basi nikavaa mie kwanza, na nikajikuta kwenye ua wetu wa zamani, nje kidogo ya Wete.

Nyumba ile ilishaanguka, na pale ilipokuwa sasa ni mihogo. Dada alimtafuta fundi wa mambo hayo, akamsimulia kitu kimoja kimoja: mlango wa buluu uliokwaruzika chini, jiko la nje, jamvi, na lundo la karafuu mbichi juu yake. Na pembeni ya lundo kakaa dada mwenyewe, msichana yule yule, ushungi umemtelezea shingoni.

Ee Mola wangu, nililia. Sioni haya kusema. Msimu wa karafuu ndio uliokuwa raha yangu yote ya utoto. Alasiri makapu yanamwagwa, wanawake wa mtaa wanakuja mmoja mmoja, na sote tunakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu, na hata ukinawa vipi, wali wa jioni unaula una harufu ya karafuu. Umbea wote wa kijiji niliusikia pale nikijifanya sisikii. Mie nilikuwa mvivu wa mikono, na dada alikuwa akichambua lake upesi, kisha anavuta sehemu ya lundo langu kwa goti, mama asione. Nani tena duniani alinipenda namna ile?

Nikawa naingia kila baada ya alasiri, naye kule Maskati kavaa miwani yake. Tunachambua karafuu zisizonuka, tunawasengenya walio hai na tunawarehemu waliokufa. Kule magoti yangu hayaumi. Nikimwambia, "Bibi wee, hujabadilika hata kidogo!" anacheka, anageuza maneno. Nami sikumchimba. Nilikuwa nimempata dada yangu, ya nini kuuliza?

Mama akatusikia tunavyocheka mpaka akashindwa. Siku moja akasema, "Haya, nivisheni." Nikamkalisha kitini, nikamfunga miwani juu ya mtandio, na mie nikawa natazama kwenye simu kile anachokiona yeye. Mwanga wa mle ni mkali, na jicho lake la kushoto likaukamata. "Mlango huo," akasema taratibu. "Na jiko langu. Mbona hapanuki?"

Kisha dada akainuka kumpokea. Sasa, watu wa kule, kwa miwani yetu ile, huishia kiunoni. Chini ni hewa tupu. Nilishazoea, nikasahau kumwambia. Na mama amelelewa kwa kuambiwa kwamba ukimshuku mtu si mtu, mtazame miguu. Akatazama.

"Audhubillahi! Huyu hana miguu!"

Akaanza Ayatul Kursi kwa sauti, kakamata kiti kwa mikono miwili, na dada kule anapiga kelele, "Mama, ni mie! Wallahi ni mie!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomueleza, alitulia, lakini aya aliimaliza kwanza, hakuikatisha.

Ndipo akamtazama mwanawe vizuri.

"Sogea," akamwambia. Dada akasogea. "Una umri gani weye?"

"Mama nawe!"

"Nakuuliza. Huyu ninayemuona hajazaa. Mwanangu mie ana wajukuu."

Dada akajaribu kucheka. "Huku kila mtu anajichagulia sura, mama. Nimekuchagulia ile uliyokuwa ukiipenda."

"Nani kakwambia nilipenda sura? Nilipenda mtoto. Mie jicho limenibakia moja, nalo linakwenda, na weye wanipa picha!"

Akaivua miwani mwenyewe, na mtandio ukatoka nayo.

Nilimkasirikia mama, nisiwafiche. Nikamwambia kwa ukali nisiouzoea mbele yake, "Si bora huyu kuliko kukosa kabisa?" Akaufunga mtandio wake bila haraka. "Kwako bora," akanijibu. "Weye macho unayo. Yule mwengine, wa kweli, utamuona siku nyengine."

Dada akanitumia ujumbe wa sauti, analia: "Usinilazimishe kuonesha uso. Nimeporomoka, we acha tu. Nikijitazama kwenye kioo namuona mtu nisiyemjua. Mwache mama abaki na yule wa kwenye jamvi, yule ndiye mie." Nilimuelewa kupita kiasi, kwani hata mie nilitaka abaki yule. Miwani ikakaa juu ya kabati, na sote watatu tukawa tunaongea habari za mvua.

Asubuhi moja mama alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina. Nilimnyang'anya birika, nikafuta meza, nikatoka nje nikamrekodia dada maneno machache: "Leo mama kamimina chai mezani, hakuona. Sasa fanya utakalo."

Adhuhuri simu ikalia, na safari hii ilikuwa ya picha.

Nilipoifungua sikumjua, nasema kweli. Nilimuona bibi mzito, mashavu yameshuka, jino la mbele hana, kajikaza kwa aibu huku anatazama pembeni. Nikampa mama simu, naye akaisogeza kwenye jicho la kushoto mpaka kope zikagusa kioo.

"Toa ushungi," akasema.

Dada akatoa. Nywele zote nyeupe.

Mama aliizungusha simu huku na huku, juu, chini, anautafuta uso kipande kipande. Akakifuta kioo kwa mtandio, akatazama tena. Nikajua basi, kaumia, na mie ndiye niliyelitaka hili.

"Mama," akasema mama.

Nilidhani kachanganyikiwa. Dada naye akasema, "Ni mie, mama, mwanao."

"Najua ni weye! Lakini huyu mama yangu. Paji lake hili, mashavu yake haya, na pengo lake lile lile! Nimemvika sanda kwa mikono yangu, nikajua hapa duniani sitamuona tena. Kumbe unaye huko miaka yote hii, wanificha!"

Dada aliangua kilio, na ndani ya kilio akacheka, na pengo likaonekana lote. Mama alibaki kaikamata simu jichoni mpaka ikaisha chaji, ikazima. Hata ilipozima, hakunipa.