Maji ya Moto kwa Simu

Mama yangu anaishi Bukavu, mimi naishi Gihundwe, upande wa Rwanda, na kati yetu kuna mto na mpaka tu. Kabla ya ugonjwa ule wa korona hakuna aliyeuita umbali huo safari. Mama alikuwa anavuka asubuhi na kijikaratasi chake cha mpakani mkononi, anakunywa chai kwangu, analalamika kwamba haina tangawizi, kisha anarudi kwake kabla jua halijawa kali. Nyuma ya nyumba yetu tunaona mabati ya upande wa pili, na yeye hudai kwamba kutoka kwake anaona nguo zangu nikichelewa kuzianika.

Kwa hiyo nilipopata mimba hatukuwa na la kujadili. Kwetu mwanamke akijifungua, mama yake huhamia kwake. Anamkanda tumbo na mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, anamwogesha mtoto, anampikia mzazi uji mzito, na anamfukuza mume chumbani. Nadhani hilo la mwisho ndilo mama yangu alilokuwa akilisubiri kwa hamu zaidi.

Halafu mpaka ukafungwa. Gari lenye spika likaanza kupita barabarani kwetu asubuhi na jioni: *Guma mu rugo*, bakini nyumbani, *guma mu rugo*, mpaka sauti ya yule bwana ikakauka. Hata wilaya nyingine zilipoachiwa, sisi wa Rusizi tulibaki ndani kama wanafunzi waliozuiwa darasani wakati wenzao wanacheza mpira. Mimi si mtu wa kupenda amri. Nikiambiwa nikae, magoti yananiwasha. Kila asubuhi nilimtukana yule bwana wa spika kimoyomoyo, na siku nyingine kwa sauti.

Nikajifungua salama, barakoa usoni, nikarudishwa nyumbani. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, na shule yake ilikuwa imefungwa. Alipopewa mtoto alimshika kama bakuli la supu lililojaa hadi ukingoni. Mama yake alifariki zamani, dada zangu wote wako Bukavu, na majirani hawakuruhusiwa kuingia. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa anaacha sufuria ya uji getini, anarudi nyuma hatua kadhaa, kisha ananipigia kelele za ushauri juu ya ua mpaka mtaa mzima ukajua hali ya matiti yangu.

Siku chache baadaye mama akapiga simu.

“Nakuya kesho,” alisema. “Kuko muntu mumoja anavushaka bantu na pirogi asubui mapema. Nishasemezana naye. Bikwembe nishafunga.”

“Maman, mupaka imefungwa.”

“Imefungwa kwa bale benye kupita ku bariyeri. Mimi sitapita kule.”

Nilimtaka mama yangu. Sijui niseme namna gani nyingine. Mgongo uliuma, matiti yalikuwa mawe, mtoto akilia na mimi nalia, na mume wangu alikuwa anatusomea sisi wawili maelekezo kutoka kwenye simu yake. Ningeusikia mkono wa mama tumboni mwangu ningelala usingizi wa kweli. Lakini mama ana ugonjwa wa sukari. Anauza vitenge sokoni, na sokoni hakuna aliyekuwa anakaa mbali na mwenzake. Pirogi ile, mtumbwi mwembamba, ingekuwa imejaa watu wanaokoholeana kisogoni. Akikamatwa mtoni, je? Akiugua kwangu, nitampeleka wapi bila kueleza alikopita? Na akimletea mtoto ugonjwa bila kujua, nani angemwambia? Mimi? Thubutu!

Nikamuuliza mume wangu anaonaje.

“Ni mama yako,” alisema.

Mtu amesoma miaka yote hiyo, na hilo ndilo jibu. Nilimnunia, nikageukia ukutani. Nilitaka aseme aje, ili nimkatalie. Au aseme asije, ili nimchukie yeye badala ya kujichukia mwenyewe. Mwisho nikapiga moyo konde, nikachukua simu.

“Maman, usikuye.”

“Nani amekuambia useme vile? Bokilo?” Bokilo ndivyo anavyomwita mkwe wake akiwa anamsema.

“Hapana. Ni miye.”

“Mimi njo nilikuzala. Sasa na weye umezala, nibakie huku naangalia mabati yako? Nakuya.”

“Ukikuya, Maman, sitakufungulia mulango.”

Nilisikia kuku wake. Nilisikia redio ya jirani yake. Kisha simu ikakatika. Mume wangu akaniletea chai, na haikuwa na tangawizi, nikalia upya.

Asubuhi iliyofuata niliketi dirishani nikitazama geti. Nilikuwa nimesema kweli, nisingemfungulia. Hata hivyo masikio yangu yote yalikuwa barabarani, na nyayo zote zilizopita nilizisikiliza kama ni zake. Jua likapanda, yule bwana wa spika akapita, na hakuna aliyebisha. Nilifurahi na nikaumia, vyote kwa pamoja, na sikujua nimwoneshe nani uso wa aina hiyo.

Simu ikalia. Bila salamu, bila habari za asubuhi:

“Maji iko ku moto?”

Hivyo ndivyo mama yangu alivyokubali kubaki nyumbani.

Sasa ikabaki shida moja. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazungumzii mambo ya mwili. Mama yangu na mume wangu walikuwa wanasalimiana huku wamegeuziana mabega, na mama hajawahi kula mbele yake hata mhogo. Lakini mikono iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya mume wangu peke yake. Basi nikaiweka simu kwenye kigoda sebuleni, nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, nikafungua sauti, nikalala.

“Umuambie achovye kikwembe, akamule.”

“Anasema uchovye kitenge, ukikamue,” nilimwambia mume wangu, aliyesimama karibu na simu kuliko mimi na aliyekuwa amesikia kila neno.

“Mwambie maji yanachoma.”

“Maman, anasema maji inachoma.”

“Umuambie njo kazi ya maji, kuchoma.”

Muuguzi alikuwa ameniambia maji ya vuguvugu yanatosha. Mama alipoelezwa hivyo aliuliza muuguzi huyo ana watoto wangapi. Tukatafuta joto la katikati, na kila upande ukaamini umeshinda.

“Umuambie afinye kwa chini, akipandisha. Chini! Anafinya wapi?”

Mume wangu alikuwa anafinya kama anafuta ubao. Nikapiga kelele, na papo hapo simu ikanguruma:

“Pole-pole, papa! Ile haiko bugali!”

Sote watatu tulijua kilichotokea. Mama yangu alikuwa amemsemesha mkwe wake moja kwa moja, tena kuhusu tumbo la binti yake. Mume wangu alisimama kama nguzo, kitambaa kinamchuruzikia maji miguuni.

“Ndiyo, Maman,” alisema hatimaye, kwa sauti ndogo sana.

Upande wa pili ukakohoa kidogo. “Umuambie aendelee.”

Nilicheka mpaka tumbo lenyewe likauma, na maumivu yale nayo yakahitaji kitambaa. Kesho yake tukarudi kwenye utaratibu wetu, mimi katikati, kana kwamba hakuna aliyewahi kusema lolote kuhusu bugali.

Ikawa hivyo kila siku, kwanza kunikanda mimi, kisha kumwogesha mtoto. Simu ya mama ni ya vibonyezo, haioneshi picha, na yeye anaamini Rwanda iko mbali, kwa hiyo hupiga kelele. “Allo? Allo? Maji iko ku moto?” Mtoto akisikia hivyo alikuwa ananyamaza hapo hapo na kutega sikio. Alipoanza kukaza shingo, aliigeuzia kwenye kopo la sukari.

Jioni nyingine nilimpeleka nyuma ya nyumba, nikamwinua juu kuelekea Bukavu.

“Maman, unamuona?”

“Namuona. Leo amevaa nyekundu.”

Alikuwa amevaa njano.

“Njo ile, Maman,” nilisema.

Kuna kipindi sauti ile ilikuja na kikohozi. Alisema ni vumbi la sokoni. Dada yangu akanong'ona baadaye kwamba mama alikuwa kitandani muda wote ule, akinyanyuka tu wakati wa kupiga simu, kisha analala tena. Ilikuwa nini, hatujui mpaka leo. Nilifikiri juu ya pirogi ile. Yule bwana wa spika alipopita siku hiyo sikumtukana.

Mpaka ulipofunguliwa, mtoto alikuwa ameshaanza kutambaa. Siku ya mama kuja nilifungua geti kabla hata yeye hajatoka Bukavu, nikaliwekea jiwe lisijifunge. Alifika na furushi kichwani na karatasi zake zote mkononi, akasimama nje.

“Leo unanifungulia?”

“Ingia, Maman.”

“Nauliza tu. Labda bale ba spika babo banakatala.”

Alinawa mikono kwenye dumu la kukanyaga kwa mguu, akanawa tena, akamsalimia mume wangu ubavuubavu, macho chini. Kisha akapiga magoti sebuleni na kufungua mikono yake yote miwili.

Mtoto alimtazama, akapasuka kilio. Akatambaa mbio mpaka kwa baba yake, akaung'ang'ania mguu wa suruali.

Mama alibaki na mikono wazi. Huyu ni mtu anayebishana na askari wa mpakani, na watu wa kodi, na redio. Sasa mtoto wa kutambaa alikuwa amemshinda.

“Hanijue,” alisema.

Mimi ndiye niliyesema asije, na ningesema tena. Ndipo mume wangu, mtoto akiwa amemnata mguuni, akamtazama mama mkwe wake usoni.

“Maman,” alisema, “uende mule chumbani. Nyuma ya pazia. Useme allo.”

Mama akaniangalia mimi, kwa mazoea, nimtafsirie. Nikanyamaza. Akainuka, akaingia, pazia likatulia.

“Allo?” ikatoka sauti, kubwa kama kawaida. “Allo? Maji iko ku moto?”

Mtoto akanyamaza. Akaachia suruali, akatambaa moja kwa moja hadi kwenye kigoda, akalipiga kopo la sukari kwa kiganja. Akaitazama simu. Simu ilikuwa imezimwa.

“Allo?”

Pazia likasogea kidogo, kisha likasogea zaidi. Mama akatoka, naye akitambaa, kitenge chake kinafagia sakafu, na safari hii hakunyoosha mikono. Aliketi chini, akasema allo, taratibu, kama mtu aliye karibu. Mtoto akatazama simu, akamtazama yeye, akarudi kwenye simu. Kisha akamwendea, akamsimamia magotini, akamtia vidole mdomoni kutafuta sauti inakotoka.

Mama akasema allo nyingine, vidole vikiwa humo humo.