Chuma Kwenye Jicho la Baba Frida

Mume wangu Sosthenes amepasua mbao Mafinga miaka ishirini na sita, na vidole vyake vyote kumi anavyo. Hilo ndilo analojivunia. Basi alipoanza kugonga bega la kushoto kwenye milango, na kuacha nusu ya ugali kwenye sahani huku akilalamika kwamba nimempimia kidogo, nilimcheka. Leo najilaumu kwa kile kicheko.

Akanunua miwani sokoni. Haikusaidia kitu. Siku mkono wake wa kushoto ulipoponea chupuchupu kwenye msumeno, tajiri wake alimwondoa mashineni. "Nenda hospitali. Ukirudi na karatasi inayosema unaona vizuri, kazi yako ipo."

Hospitali ya Mbeya, daktari alimpima akasema macho hayana shida, tatizo liko kwenye ubongo, apigwe picha ya MRI, ile mashine ya sumaku. Nesi akaja na maswali yake.

"Mzee, uliwahi kuingiwa na chuma jichoni?"

"Hapana," akajibu haraka haraka.

Hakuwa anadanganya. Kwa mafundi wa misumeno, cheche ya grenda ikikurukia jichoni, mwenzako anaitoa kwa ncha ya ulimi, unafuta machozi, unaendelea kunoa. Hiyo hawaiiti ajali, na nyumbani haitajwi. Lakini foronya zenye usaha nilizifua mimi.

"Muulize Gerson, mwenzake wa kazini, amemlamba jicho mara ngapi!" nikamwambia nesi.

Sosthenes akanigeukia kwa hasira. "Mama Frida, hutaki nipone?"

Eksirei ikaonyesha kipande cha chuma ndani ya jicho la kulia. Nesi akasema sumaku ya ile mashine ingeweza kukisogeza kikaharibu jicho lenyewe. Wakampiga CT scan badala yake.

Daktari alituonyesha doa jeusi nyuma ya ubongo, upande wa kulia. Alisema ni kiharusi, na sehemu inayoona mambo ya kushoto imekufa.

"Kuona kunaweza kurudi kidogo, au kusirudi. Lakini msumeno, mzee, basi."

Sosthenes aliiweka mikono mapajani, vidole vyote kumi. Kisha akamwuliza daktari kwa sauti ya chini, "Mke wangu ametoka? Nilitaka kumwomba radhi."

Nilikuwa kwenye kiti cha kushoto kwake. Nikainuka, nikahamia kulia.